Kwa nini timu iliyofungwa kila mechi ilidumu ilhali mabingwa walitoweka

JUA linapoanza kupunguza ukali wake, baada ya sala ya alasiri, vijana wa mji wa Garissa hujitokeza kucheza kandanda kwenye viwanja vya mchanga. Kabla ya hapo huwa vigumu kukimbia, kwani joto la mchana katika mji huu ulio kando ya mto Tana mara nyingi hupita nyuzi 35. Hapa barafu ni kitu cha kutia ndani ya kinywaji, na hata hiyo haikawii kuyeyuka.

Ndiyo maana habari zilizotoka mji wa Irkutsk, Urusi, mwishoni mwa Januari 2014 ziliwastaajabisha wengi. Katika mashindano ya kombe la dunia ya mchezo unaochezwa juu ya barafu, miongoni mwa mataifa 17 yaliyoshiriki, palikuwapo na Somalia. Vijana waliovaa jezi za rangi ya samawati, rangi ya bendera yenye nyota nyeupe, waliingia uwanjani katika eneo la Siberia ambako wastani wa baridi ya Januari hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Miezi michache tu kabla ya hapo wengi wao hawakuwa wamewahi kusimama juu ya barafu wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma.

Walifungwa mechi zote, nyingine kwa tofauti ya mabao zaidi ya kumi, na kumaliza wakiwa wa mwisho. Hata hivyo, mwaka uliofuata walirejea katika mashindano hayo, safari hii mjini Khabarovsk, na baadaye wakarejea tena.

Makala haya yanaeleza jinsi timu hiyo ilivyopatikana na sababu za kudumu kwake, yakiilinganisha na timu nyingine ya barafuni iliyokuwa na kila sifa ya ubingwa lakini ikasambaratika baada ya kucheza mechi nne pekee. Mafunzo yaliyomo yanawahusu sana wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, ambako timu nyingi za michezo huanzishwa kwa vishindo na kupotea kimyakimya.

Mji wa viwanda, wageni wapya

Timu hiyo haikuanzia Mogadishu wala Kismayu. Ilianzia Borlänge, mji wa viwanda vya chuma na karatasi katika jimbo la Dalarna nchini Uswidi, wenye wakazi wapatao 50,000. Wasomali walioukimbia ukosefu wa amani kwao walikuwa wamehamia huko kwa wingi, na kufikia mwaka 2013 idadi yao ilikadiriwa kuwa takriban 3,000.

Mkazi wa Garissa hahitaji kuelezwa kwa nini watu hao walikuwa mbali kiasi hicho na kwao. Serikali ya Rais Mohamed Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya familia zilivuka mpaka na kuingia Kenya. Kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab mwaka huo, zikafuatwa na Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Kambi zilizokusudiwa kuwa makao ya muda zikageuka kuwa miji. Wakati wa ukame na njaa ya mwaka 2011, idadi ya wakimbizi waliokuwa Dadaab ilikaribia nusu milioni. Kutoka huko, familia nyingi zimepelekwa kuishi Marekani, Kanada, Australia na mataifa ya Ulaya, Uswidi ikiwamo.

Kambini Dadaab kuna neno la Kisomali, buufis, linalotaja ile hamu kubwa ya kuhamia ng'ambo, hamu ambayo humfanya mtu aishi mwili ukiwa hapa na moyo ukiwa kwingine. Lakini kufika ni jambo moja na kupokewa ni jambo jingine. Mjini Borlänge, kama katika miji mingine ya Uswidi, wenyeji na wageni waliishi bega kwa bega bila kujuana. Hizo pia zilikuwa nyakati ambazo chama kinachopinga uhamiaji kilikuwa kikipata nguvu: kiliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kwa asilimia 5.7 ya kura, na mwaka 2014 kikapata asilimia 12.9.

Katika mazingira hayo, mfanyabiashara mmoja wa mji huo, Patrik Andersson, alitoa pendekezo mwaka 2013: vijana wa Kisomali waunde timu ya mchezo unaopendwa sana na Waswidi, kisha timu hiyo iiwakilishe Somalia katika kombe la dunia. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaipokea Somalia kuwa mwanachama mwaka huohuo. Kazi ya ukocha ikachukuliwa na Pelle Fosshaug, mchezaji wa zamani aliyewahi kutwaa ubingwa wa dunia na timu ya taifa ya Uswidi.

Bendi ni mchezo gani?

Mchezo wenyewe huitwa bendi. Msomaji anayefahamu kandanda ataufahamu kwa haraka. Kila upande huwa na wachezaji 11. Uwanja ni wa barafu, na ukubwa wake unakaribia ule wa kandanda. Mechi ya kawaida huwa na vipindi viwili vya dakika 45. Wachezaji hutumia magongo yaliyopinda kuupiga mpira mdogo wa mviringo, isipokuwa kipa, ambaye hana gongo na hutumia mikono na mwili. Sheria ya kuotea ipo, na kona zipo.

Hoki ya barafuni, ambayo ni maarufu zaidi duniani, ni ndugu wa bendi lakini ina tofauti kubwa. Hoki huchezwa katika uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta wa mbao, na kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani kwa wakati mmoja. Badala ya mpira, wachezaji hupigania kisahani kigumu cha mpira. Mechi hugawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa uwanja ni mdogo, kugongana ni kwingi. Bendi, kwa upande wake, huhitaji pumzi na mbio ndefu.

Vijana wa Borlänge walikuwa wamezoea kandanda, kwa hivyo mpangilio wa wachezaji 11 na sheria ya kuotea havikuwa vigeni kwao. Kilichokuwa kigeni ni barafu yenyewe. Mtoto wa Kiswidi huanza kujifunza kuteleza angali mdogo; anapofika utu uzima, miguu yake hufanya kazi hiyo bila yeye kuifikiria. Vijana hawa walianza wakiwa wakubwa, na ilibidi wajifunze kusimama kabla ya kujifunza kupiga mpira. Kuanguka kulikuwa sehemu ya mazoezi.

Yafaa pia kusema wazi kwamba mlango wa kombe la dunia haukuwa mgumu kufunguliwa. Bendi huchezwa na mataifa machache, na shirikisho lake limekuwa likitamani kwa miaka mingi mchezo huo uingizwe katika Olimpiki ya majira ya baridi. Hadi sasa umewahi kuonekana huko mara moja tu, mjini Oslo mwaka 1952, tena kwa maonyesho. Kila taifa jipya linaloingia huongeza uzito wa ombi hilo. Somalia ilihitaji nafasi na shirikisho lilihitaji idadi.

Kwa sababu hiyo, mtu aweza kuuliza: je, hili halikuwa tamasha tu la kuwafurahisha watazamaji na kuwaletea wenye kamera habari tamu? Swali hilo ni la haki. Watangazaji wawili mashuhuri wa Uswidi, Filip Hammar na Fredrik Wikingsson, waliitengenezea timu hiyo filamu iliyotoka mwaka 2015, na dunia ikaitazama. Tamasha, hata hivyo, huwa na mwisho wake. Taa zikizimwa, kila mmoja hurudi kwake. Timu hii ilirudi uwanjani. Jibu la swali hilo basi haliko katika mabao ya mwaka 2014, bali katika misimu iliyofuata.

Mabingwa wa Montreal

Ili kuona uzito wa jambo hilo, yatubidi tuondoke Borlänge na kurudi nyuma karibu karne moja, hadi Montreal nchini Kanada, mahali ambapo barafu si ajabu na wachezaji hodari hawakukosekana.

Timu ya Montreal Wanderers iliundwa Desemba 1903. Jina lake lina maana ya watu wanaotangatanga, wasiokaa mahali pamoja. Katika miaka yake ya mwanzo hapakuwa na timu iliyoogopwa kuliko hiyo: ilitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni, miaka ya 1906, 1907, 1908 na 1910.

Novemba 26, 1917, wamiliki wa timu za kulipwa walikutana katika hoteli ya Windsor mjini Montreal. Walikuwa wamechoshwa na mizozo na mmiliki wa timu ya Toronto, Eddie Livingstone, hivyo wakaona njia rahisi ya kumwepuka ni kuiacha ligi ya zamani na kuanzisha nyingine bila yeye. Ndivyo ilivyozaliwa NHL, ambayo leo ndiyo ligi tajiri na mashuhuri kupita zote katika mchezo huo. Frank Calder akachaguliwa kuwa rais wake. Wanderers walikuwa miongoni mwa waasisi, pamoja na jirani zao Montreal Canadiens, Ottawa na timu mpya ya Toronto. Timu ya Quebec ilikuwa mwanachama lakini haikucheza msimu huo wa kwanza.

Mechi za ufunguzi zilichezwa Desemba 19, 1917. Wanderers, wakiwa nyumbani, waliifunga Toronto mabao 10 kwa 9. Mchezaji wao Dave Ritchie ndiye aliyefunga bao la kwanza katika mechi hiyo, na mwenzake Harry Hyland akafunga matano. Kwa kila kipimo cha uwanjani, huo ulikuwa mwanzo mwema.

Lakini kulikuwa na kipimo kingine ambacho hakikuandikwa kwenye ubao wa mabao. Watazamaji waliofika walikuwa takriban 700 pekee, katika ukumbi wa kuchukua maelfu, na hiyo ni licha ya wanajeshi waliovaa sare kuruhusiwa kuingia bure. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimewachukua vijana wengi, wachezaji kwa mashabiki. Mmiliki wa Wanderers, Sam Lichtenhein, alilalamika kwamba hakuwa na wachezaji wa kutosha na akaziomba timu nyingine zimpatie. Hakupata aliowataka. Wanderers walipoteza mechi tatu zilizofuata, ya kwanza kati ya hizo kwa mabao 11 kwa 2 mikononi mwa jirani zao Canadiens.

Januari 2, 1918, ukumbi wa Westmount uliowahifadhi ukateketea kwa moto. Mji wa Hamilton, ulio mbali na Montreal, ulijitolea kuwapa makao mapya, lakini Lichtenhein hakukubali. Alijitoa katika ligi siku chache baada ya moto huo, na mechi mbili ambazo timu yake haikutokea zikahesabiwa kuwa imeshindwa. Hivyo msimu wa kwanza wa Wanderers katika NHL ukawa ndio wa mwisho: ushindi mmoja na kushindwa mara tano. Timu iliyokuwa imetwaa kombe mara nne ikabaki jina vitabuni. Mwaka 1918 Wanderers walipata kuwa kile jina lao lilichosema, watu wasio na makao, na hawakuweza kuustahimili uzito wa neno hilo.

Moto mmoja, timu mbili

Hapa ndipo kisa hiki kinapopata maana kwa watu wa Kaskazini Mashariki. Wengi husema Wanderers waliuawa na moto. Ukweli ni kwamba ukumbi ulioungua haukuwa wao peke yao. Canadiens nao walikuwa wakicheza humohumo, na moto uleule uliwaacha bila uwanja usiku uleule.

Canadiens walihamia ukumbi mwingine mjini humo, ulioitwa Jubilee, mdogo kuliko ule wa kwanza, wakaendelea na ratiba. Mchezaji wao Joe Malone alimaliza msimu akiwa na mabao 44 katika mechi 20, rekodi iliyozungumzwa kwa miongo mingi. Ligi ilikamilika ikiwa na timu tatu tu, na Toronto ndiyo iliyotwaa Kombe la Stanley kwa kuishinda Vancouver michezo mitatu kwa miwili. Canadiens hawakutwaa kombe mwaka huo, lakini walibaki, na wapo hadi leo.

Tofauti ya timu hizi mbili ilikuwa nini? Moto ulikuwa mmoja, mji ulikuwa mmoja, na vita vilikuwa vilevile. Canadiens walikuwa wameanzishwa Desemba 1909 kwa lengo bayana: kuwa timu ya wakazi wa Montreal wanaozungumza Kifaransa, watu ambao hadi wakati huo walitazama timu za wanaozungumza Kiingereza zikitawala mchezo huo. Walipocheza, kulikuwa na jamii nzima iliyoona jina lake likicheza. Jamii hiyo haikuwa tayari kuliona jina hilo likifutwa kwa sababu ya jengo kuungua. Wanderers walikuwa na makombe, lakini kufikia Desemba 1917 viti vilikuwa vitupu na mwenye timu alikuwa amekwisha kukata tamaa. Moto ulimalizia tu kazi iliyokuwa imeanza.

Turejee sasa Borlänge. Timu ya vijana wa Kisomali ilikuwa na udhaifu wote ambao timu yaweza kuwa nao: haikujua kuteleza, haikuwa na uzoefu, na ilijua kabla ya kupanda ndege kwamba ingefungwa. Ila ilikuwa na kile ambacho Wanderers walikuwa wamekipoteza. Kulikuwa na watu nyuma yake. Kwa Wasomali wa mji ule, bendera iliyokuwa imetajwa kwa zaidi ya miaka 20 katika habari za vita, njaa na uharamia, ilionekana sasa kwenye orodha ya mataifa yanayocheza. Kwa Waswidi wa mji ule, vijana waliokuwa wageni wasiojulikana kwa majina wakawa wachezaji wenye namba mgongoni. Kocha aliyewahi kuwa bingwa wa dunia alifundisha watu kusimama, nao wakasimama.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumfariji aliyefungwa. Katika kisa hiki inaeleza jambo la ndani zaidi: timu inayoweza kubeba kipigo na kurudi msimu ujao imeshinda mtihani ambao timu ya mabingwa ilishindwa.

Simba wa barafu wa Nairobi

Hapa Kenya pia tunao mfano wetu. Mwaka 2005 uwanja wa kuteleza kwenye barafu ulifunguliwa katika jumba la Panari, kando ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Kiwanja hicho ni kidogo kuliko kile cha kimataifa cha hoki. Hata hivyo, hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, yaani simba wa barafu, iliyoundwa na vijana wa Kenya waliojifunza mchezo huo pamoja na wageni kutoka nchi za baridi.

Tatizo lao kubwa halikuwa joto la Afrika, kwani mitambo huigandisha barafu mahali popote penye umeme. Tatizo lilikuwa upweke. Hapakuwa na timu nyingine nchini ya kushindana nayo, kwa hivyo walicheza wao kwa wao. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakavalishwa vifaa kamili na hatimaye wakacheza dhidi ya timu nyingine, wakiwa pamoja na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni.

Safari hiyo ya miaka mingi inaonyesha upande wa pili wa somo letu. Moyo wa jamii huifanya timu isife, lakini moyo pekee hauifanyi ikue. Ili ikue, huhitaji mpinzani. Hiyo ndiyo maana halisi ya ligi: kuwa na hakika kwamba Jumamosi ijayo kuna mtu wa kucheza naye, na Jumamosi ya baadaye zamu ni yake kuja kwako.

Msimu ambao Garissa haikuupata

Na hapa ndipo historia ya Kaskazini Mashariki inapouma. Ligi ya taifa ya kandanda nchini Kenya ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka huohuo, majuma machache baada ya Uhuru, Serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hili kufuatia harakati za kutaka kujiunga na Somalia. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi mwaka 1991.

Tafakari maana ya jambo hilo kwa mchezo. Ligi ni safari: timu ya Kisumu inakwenda Mombasa, ya Mombasa inakuja Nairobi, mashabiki wanapanda mabasi na matatu. Wakati sehemu nyingine za Kenya zilipokuwa zikijenga mazoea hayo katika miaka ya mwanzo ya ligi, wakazi wa eneo hili waliishi chini ya sheria zilizobana kuingia na kutoka, na waliochukuliwa kuwa washukiwa walizuiliwa. Vizazi viwili vya wachezaji vilikua bila kuizoea safari hiyo. Kwa hiyo anayeuliza leo kwa nini majina ya timu za Garissa, Wajir na Mandera ni haba katika kumbukumbu za ligi kuu, aanze kutafuta jibu lake katika mwaka 1963, kabla ya kuwalaumu vijana.

Umbali nao haujapungua. Garissa ni takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000. Isitoshe, baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, mashambulizi ya kigaidi yaliongezeka katika eneo hili. Baya kuliko yote lilitokea Aprili 2, 2015, wakati watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya siku kama ile, timu ya mbali huogopa kusafiri, na mdhamini huogopa zaidi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na masomo yakaendelea. Imani ya wageni huchukua muda mrefu zaidi kurudi.

Licha ya hayo yote, vijana hawajaacha kucheza. Mjini na kambini, mipira inapigwa kila jioni. Kile ambacho Wanderers walikikosa, watu wenye sababu ya kuipenda timu yao, eneo hili linacho kwa wingi. Kile ambacho Ice Lions walikitafuta kwa miaka, mpinzani wa kudumu, pia kiko karibu: Garissa ina Wajir, Wajir ina Mandera, na Dadaab pekee ina watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya. Kinachokosekana ni ratiba inayoheshimiwa na nauli ya kuitekeleza.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na visa hivi, kuna mambo matatu ambayo kaunti, wadhamini na viongozi wa michezo wanaweza kuyapima kabla ya kuanzisha timu nyingine.

Kwanza, timu iwe ya watu fulani wanaojulikana. Canadiens walikuwa na jamii yao na vijana wa Borlänge walikuwa na yao. Timu inayoundwa kwa ajili ya kombe la mfadhili mmoja hufa siku ambayo mfadhili anaondoka, hata kama imeondoka na kombe.

Pili, msimu upewe uzito kuliko fainali. Mashindano ya siku tatu hutoa picha nzuri gazetini, lakini mchezaji hukua kwa mechi 20, si mbili. Fedha zinazotumika katika hema na jukwaa la siku moja zaweza kulipa nauli za majuma mengi.

Tatu, kushindwa kwa mwaka wa kwanza kusiwe sababu ya kufunga daftari. Kama wasimamizi wa timu ya Borlänge wangetumia mabao ya Irkutsk kama kipimo, wangevunja timu uwanjani palepale. Walitumia kipimo kingine: je, vijana watakuja mazoezini juma lijalo? Walikuja.

Katika fainali ya mashindano yale ya mwaka 2014, Urusi iliishinda Uswidi mabao 3 kwa 2 na kutwaa ubingwa. Ni watu wachache nje ya mataifa hayo mawili wanaoikumbuka mechi hiyo. Timu iliyoshika nafasi ya 17 bado inasimuliwa. Na jioni ya leo, joto litakapopungua, vijana wa Garissa watatoka tena kwenda uwanjani, na watagawana pande mbili wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hakuna mgeni aliyepangwa kuja.